Gitaa likikataa openi tyuningi, tafuta kwanza do iko wapi

Ukikaa na wapiga gitaa utasikia malalamiko ni yale yale: nimejaribu openi G niliyoona kwenye video, gitaa linanguruma kama redio mbovu, nyuzi zinalia vrrr, kodi zangu zote zimepotea (kodi za muziki nasema, noti kadhaa zikilia pamoja, sio ya nyumba), basi nimerudisha ilivyokuwa na sitaki kusikia tena hiyo habari. Na mara nyingi gitaa halina kosa lolote, ni sisi tumelegeza nyuzi halafu tukaendelea kupiga kama vile hakuna kilichobadilika.

Tuwekane sawa kidogo kabla hatujaanza kutibu. Uzi wa 1 ni ule mwembamba, wa 6 ni ule mnene. Tyuningi ni sauti uliyoiwekea kila uzi, na ya kawaida ukitoka 6 kuja 1 ni E A D G B E. Openi maana yake ni ukipiga nyuzi zote bila kushika popote inatoka kodi kamili, na hapa waliopitia kwaya wametuzidi sisi wengine maana wao wanazisikia hivi:

Openi G: D G D G B D, yaani so do so do mi so
Openi D: D A D F# A D, yaani do so do mi so do
Openi C: C G C G C E, yaani do so do so do mi

Openi E ni ile ile ya D imepandishwa toni moja (hatua ya freti mbili, vile vyuma vilivyokata shingo; freti moja ni nusu toni), E B E G# B E. Nimeandika kwa do na mi makusudi, kwa sababu nusu ya matatizo ya hapa chini yanaisha ukishajua do imekaa uzi gani na mi imekaa uzi gani, nusu nyingine ni habari ya uzi uliolegea tu.

UZI UMEKATIKA HATA SIJAANZA KUPIGA

Hili lilinikuta mimi mwenyewe. Ijumaa usiku, kesho yake kuna harusi, nikataka kwenda kuonyesha ubishoo na slaidi (kile kibomba cha kuteleza juu ya nyuzi), nikaweka openi E kwenye nyuzi zilizokaa miezi kwenye jasho na upepo wa bahari, ule uzi wa 4 ukapiga tah! ukanichapa kwenye kidole gumba, maduka yamefungwa, harusi nikapiga kwa nyuzi tano na tabasamu la kulazimisha.

Openi E inakata kuliko zile tatu za juu kwa sababu inapandisha badala ya kushusha. Uzi wa 5 na wa 4 vinapanda toni nzima, wa 3 unapanda nusu toni. Uzi ukipanda toni moja mkazo wake unaongezeka karibu asilimia 26, ukipanda nusu toni ni kama asilimia 12, sasa uzi wenye kutu utavumilia wapi. Dawa yake rahisi mno: weka openi D, funga kapo (kile kibano cha kubana nyuzi zote) freti ya 2, hiyo tayari ni openi E na hujapandisha hata uzi mmoja. Openi A hivyo hivyo, weka openi G, kapo freti ya 2, kwisha.

Sababu ya pili ni kuzungusha upande usio wake. Tyuna, kile cha kupimia sauti ya uzi, mara nyingi inakuonyesha herufi tu, D ya chini ni D na ya juu ni D, yenyewe haikwambii umeelekea wapi. Kuna kijana nilimkuta anautoa uzi wa 6 kwenye E anaupeleka D kwa KUPANDISHA, yaani nusu toni 10 kwenda juu, ananiuliza mbona umekuwa mgumu hivi, nikamwambia kaka achia hapo hapo na ugeuze uso pembeni. Openi C nayo ina mtego wake, watu wanajua kila kitu kinashuka, kumbe uzi wa 2 unapanda nusu toni kutoka B kwenda C. Ukiushusha kuitafuta C ya chini unabaki na kamba ya kuanikia nguo.

Halafu usitupe uzi uliokatika kabla hujaangalia umekatikia wapi. Ukikatikia kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa, kile kiti chake kina ncha kali au jasho la kiganja limeshaula. Ukikatikia kwenye kifupa cha mwanzo wa shingo, mfereji wake unaubana. Ukikatikia kwenye kifunguo, kile cha kukazia uzi, tundu lina ncha au uliukunja vibaya wakati wa kufunga. Uzi mpya kwenye ncha ile ile utakatika pale pale, pesa yako inaenda bure.

TYUNA INASEMA SAWA LAKINI KODI INASIKIKA CHUNGU

Hapa nitakaa sana maana watu wengi wanakata tamaa kwenye hili wakidhani masikio yao ndiyo mabovu.

Anza na vitu vya kijinga. Fungua apu yako ya tyuna uangalie haipo kwenye modi ya gitaa, maana ile inajua E A D G B E peke yake, ukiipigia D kwenye uzi wa 6 inadhani ni E iliyolegea sana inakuamrisha upandishe. Weka modi ya kromatiki, inayosoma noti zote. Halafu angalia imeandikwa A = 440, kuna watu wameigusa kwa bahati mbaya iko 432 wanashangaa hawaendani na kinanda.

Hivyo vikiwa sawa na bado ni chungu, mshtakiwa ni mi. Kwenye openi G mi ni uzi wa 2, kwenye openi D ni uzi wa 3, kwenye openi C ni uzi wa 1. Sababu yenyewe ni kwamba tyuna inagawa okteva (kutoka do mpaka do inayofuata) vipande 12 vilivyo sawa ili uweze kupiga ki zote, yaani do ikae popote, na mgawo huo unaiweka mi juu kidogo kuliko inavyotaka kukaa kiasili. Chukua openi G: uzi wa 3, ile do, ni hezi 196 (mitetemo kwa sekunde). Mi inayokaa vizuri juu yake ni hezi 245 kamili. Tyuna yako inakupa 246.9. Hizo hezi mbili kasoro unaziona ndogo lakini sikio linazisikia kama mtikisiko wa haraka, kodi inakuwa kama inatetemeka kwa baridi. Kwa lugha ya tyuna ni senti 14, senti moja ikiwa ni sehemu moja ya mia ya nusu toni. Kwaya nzuri ikiimba bila kinanda mi hushuka yenyewe bila mtu kuwaambia.

Kwenye tyuningi ya kawaida hili tatizo lipo pia ila halikukeri hivi, kwa sababu mi inahamahama kila ukibadili kodi. Kwenye openi inakaa uzi ule ule dakika zote tano za wimbo.

Kwa hiyo tyuni nyuzi nyingine zote kwanza, hii ya mi iache mwisho. Halafu piga nyuzi ya 3 na ya 2 pamoja (hapo ni openi G), shusha ya 2 polepole huku unasikiliza, utafika mahali ule mtikisiko unatulia na kodi inafunguka kama mtu amefungua dirisha. Kama unapiga slaidi tupu, au kidole kimoja kukata nyuzi zote, iache hapo hapo. Ila kama unachanganya na vidole vya kawaida usishuke senti zote 14, kwa sababu uzi ule ule ukiubonyeza freti ya 1 unakuwa do ya kodi ya C, na do ikiwa chini kila mtu atajua. Mimi nashusha senti 5 au 6 nabaki hapo. Na ukipiga na kinanda, fuata kinanda tu, usilete ubishi wa fizikia katikati ya ibada.

Wakati tuko hapa, openi G unaweza kuiweka hata simu ikiwa imezima chaji. Nyuzi 4, 3 na 2 haziguswi. Shusha wa 6 mpaka ulie kama wa 4 okteva moja chini, shusha wa 1 mpaka uwe wa 4 okteva moja juu, shusha wa 5 mpaka uwe wa 3 okteva moja chini. Piga viwili viwili, ile wa-wa-wa ikizidi kwenda taratibu unakaribia, ikikoma umefika. Openi D nayo hivyo hivyo, wa 4 unaongoza wa 6 na wa 1, wa 5 unaongoza wa 2, halafu wa 3 unaupata kwa kubonyeza wa 4 freti ya 4.

NYUZI ZINALIA VRRR

Uzi wa 6 ukishuka kutoka E kwenda D unapoteza kama asilimia 20 ya mkazo. Ukishuka mpaka C, ile ya openi C, unapoteza karibu asilimia 37. Uzi uliolegea unacheza kwa upana mkubwa zaidi unapoupiga, kwa hiyo unaenda kugonga freti. Na kuna la pili watu hawalijui, shingo ya gitaa huwa imevutwa na nyuzi ikainama kidogo sana kwa mbele, ukizilegeza shingo inanyooka, nyuzi zinasogea karibu na freti, ndio maana siku ya kwanza gitaa linaweza kuwa zuri na kesho yake asubuhi linalia.

Jaribio dogo: piga ule uzi kwa upole kabisa karibu na mwisho wa shingo. Mlio ukipotea, tatizo ni mkono wako una hasira, uzi wa D hautaki kupigwa kama wa E. Usipopotea angalia unalia wapi. Unalia freti za mwanzo tu, hiyo ni shingo imenyooka. Unalia freti moja tu pekee, hiyo freti yako ina shida yake na tyuningi umeisingizia.

Dawa ya kweli ni nyuzi nene. Gitaa la umeme lenye nyuzi za 9 kwenda 42 (unene kwa elfu za inchi) ukiliweka openi D ni kama unapiga tambi, nenda 11. Gitaa la mbao lenye 12 kwenda 53 linavumilia openi G na D vizuri tu, ila kwa openi C tafuta uzi wa 6 wa 56 hivi. Chuma cha ndani ya shingo kinaweza kulegezwa robo mzunguko ili shingo iiname tena, lakini kama hujawahi kukigusa mpelekee fundi, na kama ni gitaa la nailoni huenda hakimo kabisa, usitafute tundu lisilokuwepo.

HAIKAI, DAKIKA MBILI IMESHATOKA

Zungusha kifunguo polepole huku sikio liko karibu na kifupa cha mwanzo wa shingo. Ukisikia ting! kidogo, sawa na mtu ameminya kibiriti cha gesi, uzi unang'ang'ania kwenye mfereji halafu unaachia ghafla. Legeza uzi, utoe mferejini, paka ncha ya penseli ya kawaida ndani ya mfereji mpaka uwe mweusi, rudisha. Inafanya kazi kuliko mafuta na haichafui.

Tabia nyingine ya kuacha ni kuishia kwa kushusha. Ukitaka D, shuka mpaka upite chini ya D, vuta uzi kwa kidole ujinyooshe, halafu PANDA mpaka D. Ukiishia kwa kushusha kunabaki ulegevu kwenye kifunguo, ukiupiga mara tatu unashuka wenyewe.

Na usishangae uzi wa kwanza kutyuni umetoka wakati unamalizia wa mwisho. Mkazo wa jumla umepungua, shingo na daraja vinasogea, kwa hiyo zunguka nyuzi zote mara mbili. Wenye gitaa la umeme lenye daraja la kuelea lile la springi nawapa pole, nyie ni mara nne au tano, na kusema ukweli kwa openi tyuningi tafuteni gitaa lenye daraja lililofungwa.

Nailoni ni kesi yake. Inanyooka kwa siku kadhaa kabla haijatulia, kila ukibadili tyuningi inaanza upya kidogo, basi vumilia. Kitu kimoja tu nakuomba, usiweke nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili ipige kwa nguvu, utakuja kuliona daraja limebanduka na kipande cha mbao.

KODI ZANGU ZOTE ZIMEHARIBIKA

Hazijaharibika, zimehama. Uzi ulioshushwa toni moja, kila kitu chake kimesogea freti mbili mbele. Usioshushwa haukuhama. Openi G nyuzi 4, 3 na 2 ni zile zile, kwa hiyo vidole vyako vya zamani hapo katikati bado ni halali, tatizo ni 6, 5 na 1 tu.

Mfano Am. Kawaida unaanzia uzi wa 5 wazi, halafu freti 2, 2, 1, na uzi wa 1 wazi. Kwenye openi G ule wa 5 na ule wa 1 vinataka freti 2, inakuwa 2 2 2 1 2 kutoka uzi wa 5. Vidole vinabanana hapo, kwa hiyo mimi uzi wa 1 siupigi kabisa. Em bonyeza freti ya 2 kwenye uzi wa 6, wa 4 na wa 1, zilizobaki wazi. Kodi kubwa ni kidole kimoja kimelala: freti ya 5 ni C, ya 7 ni D, ya 12 umerudi G.

Wanaosumbuka ni wale wa nyimbo zenye kodi ndogo nyingi, zile za huzuni kama Am na Em. Openi hizi zote zina mi kubwa imewekwa pale, wimbo wa huzuni unapambana nayo kila saa. Ama iguse hiyo mi, kwenye openi G shusha uzi wa 2 nusu toni uwe B flati, umepata G ndogo. Ama tumia D A D G A D. Angalia kwa do: do so do fa so do. Mi haipo kabisa! Ndio maana haikwambii imefurahi au imenuna, wimbo wenyewe ndio unaamua. Davey Graham wa Uingereza ndiye aliyeisambaza kwa wapigaji wa huko miaka ya 1960.

KODI NI SAHIHI ILA KAMA HAIJATUA CHINI

Ukipiga nyuzi zote sita za openi G besi inakuwa so, sio do. Gitaa linasimama kwa mguu mmoja. Do ya kwanza iko uzi wa 5, anzia hapo. Keith Richards wa Rolling Stones hakujisumbua kukumbuka, aliutoa kabisa uzi wa 6, akabaki na vitano G D G B D. Ukiona unausahau kila saa fanya kama yeye. Na kama unataka besi nzito ya do kwenye uzi wa 6 basi uliyokuwa unaitaka ni openi D, umechagua tu isiyo yako.

SLAIDI INAKWARUZA

Slaidi inakaa juu ya chuma cha freti chenyewe, sio katikati ya freti mbili kama kidole, ukiiweka kwa mazoea ya kidole kila noti iko chini. Vidole vinavyobaki nyuma yake viguse nyuzi kidogo, vinginevyo upande wa nyuma nao unalia. Ikigonga freti, nyuzi zako ziko chini mno, ni kazi ya daraja. Kununua sio lazima, mpiga gitaa Duane Allman alikuwa anatumia kichupa cha dawa ya mafua, mimi nilianza na soketi ya fundi gari, namba 17 inanienea kidole cha mwisho, ila ioshe grisi kwanza.

NAPIGA SEBEN KWA OPENI G HAITOKI

Haitatoka, seben ya Kongo inapigwa kwa tyuningi ya kawaida. Ule mlio mwepesi unaokuchanganya mara nyingi ni wa gitaa la mi-composé: uzi wa 4 unatolewa, unawekwa mwembamba uliotyuniwa okteva moja juu. Ni dawa ya ugonjwa mwingine kabisa.

KURUDI KAWAIDA

Panda taratibu, uzi wa 6 kwanza, zunguka mara mbili, acha gitaa dakika tano, zunguka tena. Kama nyuzi zilikaa chini wiki nzima na zina kutu, hapa ndipo zinapokatikia, kwa hiyo badilisha tu. Ukishamaliza piga kodi ya G ya kawaida. Utaiona chungu kidogo pale kwenye uzi wa 2 wakati tyuna inasema sawa, na utataka kuanza kuzungusha. Usizungushe, gitaa liko sawa, ni sikio lako limeshaonja ile mi ya 245.